Bwana Ananoa Nini?

Obadiah Garrod alikuwa Bibi kwa miaka mingi, na alikuwa na ndevu hadi kifuani.

Pale Wickenfield, katika jimbo la Suffolk, jambo hilo halikumshangaza mtu. Kila mwaka ngano ilipoanza kugeuka rangi, wavunaji wa shamba kubwa walikutana ghalani na kuchagua wawili miongoni mwao. Wa kwanza aliitwa Bwana, cheo kile kile wanachojivunia makabaila wenye majumba ya mawe na mbwa wa kuwindia. Yeye ndiye aliyekwenda kupatana na mwenye shamba, na ndiye aliyetangulia na mundu wake, ule mkubwa wa mpini mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Akinywa, wote wanakunywa. Akisimama kunoa, wote wananoa. Wa pili aliitwa Bibi, na kazi yake ilikuwa kumfuata Bwana kisiginoni na kushika nafasi yake akiugua. Basi mwezi mzima watu wazima waliulizana, "Bwana kasemaje?" "Muulize Bibi," bila hata kutabasamu. Mavuno yakiisha, kila mtu alirudia jina lake na umaskini wake.

Obadiah alizaliwa palepale kijijini, wa mwisho katika nyumba iliyojaa watoto, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza kunguru mashambani. Siku alipopewa mundu kwa mara ya kwanza, wavunaji walimfanyia kama walivyomfanyia kila mgeni. Walimkamata, wakamlaza chali, wakaanza kumgonga soli ya kiatu kwa jiwe mithili ya farasi anayepigiliwa chuma cha kwato, wakingoja apige ukelele mmoja tu: "Bia!" Mwenye akili huupiga upesi, akawatolea wenzake kinywaji, mambo yakaisha. Obadiah alikuwa mbishi. Alikaza meno mpaka soli ikabanduka, na siku ile alivuna hadi jua kuzama huku kiatu kimoja kikicheka. Nyuma ya wavunaji, wanawake walikuwa wakikusanya ngano iliyokatwa na kuifunga miganda. Mmoja wao, Keziah, binti wa mchunga kondoo, alipoona kiatu kile alicheka hadi akakaa chini. Obadiah alimwona. Akaamua palepale kwamba mwanamke anayecheka namna ile ndiye wa kuishi naye, na akamwoa kabla hajapata viatu vingine vya maana.

Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili, tanuri la mkate, na nguruwe aliyenenepeshwa kila mwaka na kuliliwa machozi na Keziah kila alipochinjwa. Desturi ya shamba lile ilikuwa kwamba mwenye shamba anatoa unga, na mke wa Bibi anawaokea wavunaji wote mikate. Kwa hiyo misimu yote ambayo mumewe alikuwa Bibi, Keziah aliamka kabla ya jogoo, akakanda unga mpaka mabega yakamuuma, kisha akaenda shambani kufunga miganda kama wengine. Hakuna aliyempa cheo chochote kwa hilo.

Obadiah naye alikuwa na tamaa moja maishani, na hakuificha. Alitaka kofia ya Bwana. Ilikuwa kofia ya majani makavu, imezungushiwa utepe mwekundu, na masuke ya ngano mpya yakichomekwa kila mwaka. Ilikaa kichwani kwa mzee mmoja mkimya aitwaye Enoch Thurlow, naye Obadiah aliitazama kutoka nyuma kiangazi baada ya kiangazi mpaka akaijua kila mshono. Wenzake walimtania. "Bibi, utaitoboa kofia ya mwenzio kwa macho!" Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaitaka kweli.

Ila Enoch alikuwa na tabia moja iliyomkera Obadiah kupita kiasi. Alipenda kunoa. Safu inakwenda vizuri, miundu inakata, kila mtu kashika mwendo wake, ghafla mzee anasimama, anatoa kinoo mfukoni, na kuanza: kri, kri, kri. Ikabidi wote wasimame na kunoa.

"Bwana ananoa nini sasa?" Obadiah alinung'unika kila mara. "Mundu unakata mpaka kivuli."

"Noa, Bibi," Enoch alimjibu bila kugeuka. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo.

Mwaka ulifika magoti ya Enoch yakagoma. Wavunaji walikutana ghalani, na kura zote zikamwangukia Obadiah. Alirudi nyumbani na kofia mkononi, hakuthubutu kuivaa njiani. Keziah aliinyang'anya, akang'oa utepe wa zamani uliopauka, akashona mpya mwekundu kama damu ya jogoo, kisha akamvalisha mumewe na kumzungusha mbele ya dirisha.

"Mtazame Bwana wangu! Makabaila wote wakajifiche."

"Imenikaa?"

"Imekukaa kama ulizaliwa nayo. Masikio tu ndiyo yamezidi."

Bibi mpya alikuwa Reuben Scarfe, kijana mwenye nguvu za ng'ombe na mdomo wa kupita nguvu zake. Kwa kuwa hakuwa na mke, Keziah aliendelea kuoka mikate. Kila kitu kilikuwa tayari kwa furaha, na furaha ilidumu mpaka Obadiah aliponyanyua mundu wake kwenye shamba la Kanisani asubuhi ya kwanza.

Mbele yake hapakuwa na mgongo.

Hilo hakulifikiria hata siku moja. Maisha yake yote ya shambani alikuwa amekata ngano akifuata mgongo wa mtu mwingine. Mgongo ukipinda, naye anapinda. Ukikawia, anakawia. Sasa mbele kulikuwa na ngano tupu hadi kwenye ua wa miiba, na Obadiah, kwa mazoea ya kumkimbilia Enoch, alianza kumkimbilia mtu asiyekuwapo. Alikwenda mbio. Reuben alimfuata kwa fahari, maana mbio alizipenda. Waliofuata walihema, na safu ikakatika vipande kama ushanga. Mwendo wenyewe ulikwenda upogo, na nyuma vikabaki vishungi vya ngano vilivyosimama huku na huku, shamba likafanana na kichwa kilichonyolewa na mlevi. Wanawake walikosa pa kuanzia kufunga. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu ikawa mbaya zaidi, maana sasa Obadiah alikuwa anaona aibu, na mwenye aibu huongeza mbio.

Sheria ya wavunaji ilikuwa wazi. Shamba la kwanza likimalizika, wanaweza kumvua Bwana kofia wakampa mwingine. Reuben hakusubiri liishe kuanza kusema.

"Jumamosi tunamaliza hapa, na jioni tunapiga kura," alitangaza wakifunga kazi, mbele ya wote. "Simsemi mtu vibaya. Lakini Bibi mzuri si lazima awe Bwana mzuri. Wengine Mungu kawaumba kufuata."

Watu walitazama viatu vyao. Hakuna aliyemtetea Obadiah, na kusema kweli hakukuwa na cha kutetea.

Nyumbani hakugusa chakula. Keziah alimwekea nyama ya nguruwe na viazi, akaviondoa, akavirudisha, kisha akaketi mbele yake.

"Sema."

"Wataninyang'anya, Keziah. Nimeisubiri kofia hii mpaka nimeota mvi, nitaivaa wiki moja. Watoto watanifuata barabarani."

"Watoto watafuata chochote. Tatizo ni nini hasa?"

"Sijui. Nakata vizuri. Mundu ni mkali. Mkono wangu ni ule ule. Lakini nikitangulia, kila kitu kinakwenda kombo."

Keziah hakuwa na dawa ya hilo, na si mtu wa kujifanya anayo. Alimsogezea sahani. "Basi kula. Ukivuliwa kofia, angalau uvuliwe ukiwa umeshiba."

Jumamosi ilianza kwa joto. Saa tano, wakati wa bia na mkate wa katikati ya asubuhi, Obadiah alifika kwenye ua kwanza, Reuben nyuma yake, na wengine wakaja mmoja mmoja wakitweta. Kapu la Keziah lilikuwa chini ya kivuli. Walilivamia. Kasisi wa kijiji, mzee mfupi aliyependa maneno ya kale kuliko alivyopenda mahubiri yake mwenyewe, alikuwa akipita na farasi wake mnene, akasimama kwenye lango.

"Habari za kazi, Bwana Garrod! Unajua cheo chako kimetoka wapi?"

"Kwa hawa, Baba Kasisi. Na leo jioni kinarudi kwao."

Wengine walicheka, Reuben akicheka zaidi. Kasisi hakuelewa, akaendelea kama kawaida yake.

"Mababu zetu, miaka elfu moja iliyopita, neno hilo la Bwana, katika Kiingereza chao cha kale, walilijenga kwa maneno mawili. Moja ni mkate. La pili ni mlinzi. Bwana ni mlinzi wa mkate! Yule anayehakikisha kwamba walio chini yake wanakula. Makabaila wamelisahau hilo siku nyingi." Hapo akatazama huku na huku, isije ikawa kuna kabaila yeyote karibu. "Na Bibi ni mwenye kukanda huo mkate."

Keziah, aliyekuwa amejipumzisha juu ya mganda, aliinua kichwa. "Rudia hapo, Baba Kasisi."

"Bibi ni mkandaji wa mkate."

"Alaa! Kumbe miaka yote Bibi nilikuwa mimi, na huyu mwenye ndevu alikuwa amenikalia cheo changu!"

Walicheka wote, hata Obadiah, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kasisi alikwenda zake ameridhika, kama mtu aliyegawa sadaka. Na kicheko kilikuwa bado hakijaisha alipotokea Jabez Mudd.

Jabez ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye safu. Alikuwa na tumbo kubwa, roho kubwa zaidi, na mundu uliokata karibu na ardhi kuliko wa mtu mwingine yeyote. Nyuma ya Jabez hukuti bua limesimama. Ila haraka hakuwa nayo, hata nyumba ingeshika moto. Alifika akiwa ameloa jasho, akapiga goti kando ya kapu, akaingiza mkono, akaupapasa ndani, akautoa mtupu. Mkate ulikuwa umekwisha. Watu waliofukuzwa mbio asubuhi nzima hula kama mbwa mwitu, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mwenzao nyuma.

"Si neno," Jabez alisema, akivuta gudulia. "Nitakunywa bia. Bia nayo ni mkate uliolowa." Akanywa, akajifuta mdomo, akatikisa kichwa kwa mshangao usio na lawama hata kidogo. "Lakini ajabu. Enzi za Enoch sikuwahi kukosa mkate hata siku moja. Tulikuwa tunafika wote pamoja. Sijui ilikuwaje."

Obadiah alisikia kri, kri, kri kichwani mwake, wazi kabisa, kama mzee yuko pembeni.

Alivua kofia akaiweka magotini. Zilimjia zile asubuhi zote alizonung'unika nyuma ya mgongo wa Enoch, mundu ukiwa mkali na mzee akinoa, ananoa tu, anangoja. Anangoja nini? Obadiah hakuwahi kugeuka kutazama. Angegeuka hata mara moja, angemwona Jabez kule mwisho akijikongoja, akiziba pengo, akiifikia safu. Hapo ndipo kinoo kilipoacha kulia kila mara. Safu ikaenda. Mzee hakusema, na Obadiah kwa miaka yote hiyo alikuwa ametazama kofia.

"Keziah," alisema. "Una kipande ulichonifichia?"

"Nani kasema nimekufichia—"

"Miaka yote huwa unanifichia. Kitoe."

Keziah alitoa kipande cha mkate ndani ya aproni yake, na Obadiah akampa Jabez mkononi. Jabez alikipokea kwa adabu na kukimaliza kwa kung'ata mara mbili. Obadiah akavaa kofia.

Waliporudi kwenye ngano alianza taratibu, na badala ya kutazama mbele akatega sikio nyuma. Mwanzoni alisikia miundu tu, fujo tupu. Kisha akaanza kuitenga: huu wa Reuben, mzito na wa hasira, ile ya katikati, inakwenda pamoja, na mbali kule, wa Jabez, mrefu na wa pole. Ulipozidi kuwa mbali, Obadiah alisimama, akatoa kinoo. Kri, kri, kri.

"Mungu wangu," Reuben alisema nyuma yake. "Bwana ananoa nini? Mundu huo unaweza kumnyolea askofu!"

Obadiah nusura acheke. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamezeeka naye, sasa yanatoka kwenye mdomo wa kijana.

"Noa, Bibi," alisema.

Alinoa mpaka pengo likaziba, akaendelea. Baada ya muda akanoa tena. Reuben alitukana kwa sauti ya chini, akanoa. Na safu, bila mtu kuinyoosha, ikanyooka. Vishungi vikaacha kubaki. Wanawake wakaikuta ngano imelala upande mmoja, na Keziah akaanza kuimba, jambo ambalo halikusikika tangu Jumatatu.

Jua la alasiri lilikuwa kali. Reuben alikuwa amekunywa bia nyingi na kuringa sana, na hakuwa amelala kwa kupiga hesabu za kofia. Katikati ya mzunguko wa mwisho Obadiah alisikia mundu wa nyuma yake ukikosa mpigo. Ukakata, ukasita, ukakata nusu. Alisikia pumzi imebanwa na neno baya limemezwa. Paja la Reuben lilikuwa limekaza kama ubao. Kama mundu ungemponyoka mikononi pale, mbele ya watu aliowaahidi kura, kijana yule angetaniwa hadi uzeeni. Na Obadiah alijua hilo. Hatua chache mbele, aendelee tu na mwendo wake, basi kofia ni yake, wala hakuna wa kumlaumu.

Alisimama. Akatoa kinoo. Akanoa kwa utulivu wa mtu asiye na shida duniani, upande huu, upande ule, akaujaribu ukali kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kana kwamba haujamridhisha, akaanza upya. Hakugeuka nyuma. Safu nzima ilisimama na kunoa, na hakuna aliyeona kwamba Bibi ameegemea mpini wake, anakanyaga ardhi kwa nguvu kuurudisha mguu.

Safari hii Reuben hakuuliza Bwana ananoa nini.

Walifika kwenye ua wote kwa pamoja, bega kwa bega, Jabez akiwemo, na kapu la saa kumi likawakuta wote. Ndani mlikuwa na keki za mavuno, nzito kwa mafuta na zabibu kavu. Obadiah alizigawa kwa mkono wake, akaanzia kwa Jabez, akajipa ya mwisho. Shamba nyuma yao lilikuwa safi kama meza iliyofutwa.

Watu wakamgeukia Reuben, wakimngoja.

"Mnanitazamia nini?"

"Kura," mmoja alimkumbusha. "Ulisema jioni tunapiga kura."

"Kura ya nini?" Reuben alifoka, uso mwekundu. "Bwana si yule pale? Jua limewachoma utosi?" Akang'ata keki yake na kuwapa mgongo.

Baadaye, wakikusanya vifaa, alimsogelea Obadiah akichechemea kidogo. "Ule mundu," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa mkali tayari, sivyo?"

"Hata kuliko mdomo wako," Obadiah alimwambia, na wakacheka mpaka Keziah akaja kuuliza kuna nini. Hakuambiwa, lakini alikisia.

Karamu ya mavuno ilipofanyika ghalani, kulikuwa na nyama ya kuchoma, pudini, na bia ya kuogelea. Kasisi alisimama kuwakumbusha tena habari za mlinzi wa mkate na mkandaji wake. Kabla hajamaliza, Reuben aliondoka kwenye kiti cha Bibi, kilichoko mkono wa kuume wa Bwana, akamshika Keziah na kumketisha pale. Ghala zima lilipiga makofi. Keziah alifuta macho kwa aproni. Tangu siku hiyo Wickenfield walimwita Bibi mwaka mzima, si mwezi wa mavuno tu.

Obadiah alivaa kofia ile mpaka mikono yake ilipochoka, akampa Reuben mwenyewe bila kungoja kuombwa. Alikufa mzee sana, kitandani kwake, majira ya kuchipua, Keziah akiwa amemshika mkono. Wavunaji ndio walioubeba mwili. Kanisa la Wickenfield liko juu ya kilima, na Jabez, mwenye mvi na tumbo lile lile, alikataa katakata kuachwa nyumbani. Alishika pembe ya nyuma ya jeneza. Reuben alitangulia.

Katikati ya kilima pumzi ya Jabez ilianza kusikika. Reuben hakugeuka. Alisema, "Tueni," wakaliweka jeneza kwenye majani. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kinoo chake, akapiga goti, na kuanza kukipitisha kwenye mshikio wa chuma wa jeneza, taratibu, bila haraka yoyote. Kri, kri, kri.

Watu walisimama, hawajui walie au wafanye nini. Keziah ndiye aliyefungua mdomo.

"Bwana ananoa nini?" aliuliza, na akacheka, kicheko kile kile cha siku ya kiatu, machozi yakimtiririka, na wote wakacheka naye.

Reuben aliendelea kunoa mpaka Jabez alipopata pumzi. Wakamwinua Obadiah tena, wakafika juu wote pamoja.